Orodha ya Watu wa Kwetu

Nakivale, Base Camp
Jumatatu asubuhi

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote walio chini ya paa lako. Sisi huku miili ni mizima. Watoto wanakula na wanakua, mkubwa amekwisha kunipita bega. Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Shemeji bado anakula vitu vya sukari kwa kujificha? Najua ungependa nikae kwenye maswali hayo kwa ukurasa mzima, maana ndivyo tulivyofundishwa kuandika. Leo sina nafasi hiyo. Ingia ndani, funga mlango, kaa chini, kisha uendelee kusoma.

Watu watakuja kukupa pole kwa kifo cha mdogo wetu wa mwisho. Huenda wameshaanza kuja, naye yuko hapo uani kwako anaosha sahani. Usicheke, na usimwambie mtu yeyote kwamba amekosea. Ni mimi niliyesema amekufa.

Nimetumia karatasi kwa sababu simu yako inashinda kwenye duka la kuchaji, na mwenye duka ndiye anayeipokea na kukuita kwa sauti mbele ya wateja. Barua hii ameibeba mama mmoja muuza vitenge, anavuka mpaka wa Tanzania pale Kikagate, anashuka mpaka Kigoma, kisha boti mpaka kwenu. Nimemwamini kwa sababu hajui kusoma. Humu hutaona jina la mtu wa kwetu hata mmoja, wala jina la kijiji. Mbele utaelewa.

Kazi yangu unaijua nusu nusu. Nilipokuambia nafanya mambo ya mtandao uliniuliza kama nimeanza kuuza sura yangu. Hapana, Yaya, hiyo sura nani ataitaka. Sisi wakimbizi wachache tuliungana, tukakodi chumba Mbarara karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, nyumbani kwa mke wa sajini mmoja, Mama Kato. Mle tumeweka mashine yetu, seva, kwa kuwa umeme wa huku kambini Nakivale ni wa kubahatisha. Mashine hiyo ni mlango wa kuingilia mtandao ambao hauna tajiri mmoja mwenye mali. Ufikirie kama parokia: kila moja ina padri wake na daftari lake la ubatizo, lakini Mkristo wa huku anatambuliwa na kule, na habari zinapita katikati. Mashine kama yetu ipo kwenye kambi moja ya Tanzania, ipo Nairobi, zipo nyingi Ulaya. Siku za kazi ninakaa na mashine Mbarara, Ijumaa narudi Nakivale, naweka meza sokoni na kuwaingiza watu wapya.

Kumwingiza mtu ni dakika mbili. Kumfanya abaki ndiyo kazi. Ile mitandao mikubwa, ukifungua tu inakurushia watu usoni hata kama hukuwaomba. Wetu haukurushii kitu. Unaingia unakuta ukurasa mweupe, na kama humjui mtu wa kumfuata unakaa humo peke yako. Wengi walikuwa wanatoka siku ileile. Mzee mmoja fundi cherehani, hapa nitamwita Papa Sadiki ingawa si jina lake, aliishika simu mbali na uso, akaisogeza karibu, akanigeukia.

"Huku hakuna batu?"

"Batu iko mingi, Papa. Lakini unapashwa kubatafuta weye mwenyewe."

"Nitamutafuta namna gani mutu mwenye sijue kama anaishi?"

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Jibu nililipata msibani. Bibi mmoja wa kwetu alifariki upande wa Rubondo humuhumu kambini, tukaenda kukaa matanga. Unajua desturi yetu: mlangoni kuna daftari, na kila anayekuja kulia anaandika jina lake, mtoto wa nani, mjukuu wa nani, wa upande gani wa kijiji, na sasa anaishi wapi, ili wafiwa baadaye wajue nani aliwakumbuka. Nilikuwa nimeketi karibu na daftari lile. Watu walifika wakilia, wakainama kuandika, wakasoma majina yaliyotangulia, kisha wakapiga yowe la furaha katikati ya msiba. "Kumbe mutoto wa ule mwalimu anaishi? Eko wapi?" Watu walioishi miaka na miaka katika kambi hiihii bila kujuana walikutanishwa na marehemu.

Basi nikaazima madaftari. Familia nne zilinipa ya kwao, kwa roho safi. Nikakaa Mbarara wiki nzima nikitengeneza orodha, kila kijiji orodha yake, na ndani yake akaunti za watu wake popote walipo. Mtu mpya akifika mezani namwuliza, "Weye ni mutoto wa nani?" Akijibu nampa orodha ya kwao, anabonyeza mara moja, na ule ukurasa mweupe unajaa sura za nyumbani. Tena, kwa kuwa mtandao wetu hauonyeshi mtu asiyeruhusu kutafutwa, niliwafundisha waandike kwenye maelezo ya akaunti ukoo wote kama wa daftarini, na mbele ya jina la kijiji waweke alama ya reli, hii #, inayomfanya mtu apatikane akitafutwa. Pale panapouliza kama mtu anakubali kuonekana, tiki niliiweka mimi mwenyewe, kwa kila mmoja, kwa kidole changu. Kwetu mtu hatajwi kwa jina moja kama mbuzi wa mnadani. Niliona ni adabu.

Na ilifanya kazi, Yaya. Papa Sadiki alimpata binti wa dada yake kule Tanzania kabla ya juma kwisha. Alikuja mezani kwangu simu ameifunga kwenye leso safi, akaifungua anionyeshe uso wake. Mashine nyingine ziliomba orodha zetu, zikanakili. Watu wakaanza kuniita Mama Orodha, nami nikavimba kichwa, ungekuwepo ungenishusha. Ili wengine wapate mfano, maelezo yangu mwenyewe niliyaweka ya kwanza na marefu kuliko yote: binti wa fulani, wa tatu kati ya wanne, yaya wetu anauza samaki wakavu katika mji fulani, mdogo wetu anakaa kwake.

Niliandika hivyo. Mimi ninayejua kwamba yule mtoto aliwatoroka watu wa msituni baada ya kushikwa mwaka mzima, na kwamba anajua nani alifanya nini siku ile walipovamia kijiji, mtu kwa mtu. Mimi ninayejua kwamba mmoja wao sasa amevaa koti na anaomba kura. Nilijua yote hayo na kidole kikabonyeza. Najichukia kwa ajili ya siku ile, nakuambia wazi.

Mwezi uliopita ikaja akaunti kutoka mashine ya mbali ambayo simjui mwenyewe. Haikuwa na sura, ilikuwa na picha ya ziwa tu, na ilijiita Mwana wa Kwetu. Ikaomba orodha ya kijiji chetu. Nikauliza swali langu la siku zote.

"Miye ni mutoto wa ule muhunzi wa pale karibu na kanisa," akajibu.

Lugha ilikuwa ya kwetu kabisa. Nikampa. Akawafuata wote kwa siku moja, halafu akanyamaza. Hakuweka picha ya mtoto wala ya chakula, hakutania mtu, hakubishana na mtu. Alikaa tu anatazama.

Kisha watu wakaanza kupata salamu zake, kila mmoja pembeni peke yake. "Habari ya siku mingi. Uko na nani huko? Kule nyumbani nani alibakia?" Na watu wetu unawajua, kuulizwa habari za nyumbani ukanyamaza ni kiburi. Walijibu. Walitaja wote, mpaka watoto waliozaliwa juzi.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Mama Kato, mwenye nyumba wetu. Aliingia na gwanda la mumewe mkononi akitaka kupiga pasi kwenye umeme wetu, akasimama nyuma yangu, akasoma kioo cha kompyuta. Nikamweleza kazi yangu kwa majivuno.

"Jina ya mutu, jina ya baba yake, kijiji, na pahali nalala sasa," akasema. "Nani natuma wewe kuandika hii?"

"Hakuna aliyenituma, Mama Kato. Ni ili watu wapatane."

"Mimi naishi na jeshi miaka mingi. Bwana yangu kama napewa kazi ya kutafuta mutu, mwezi naisha na yeye hapana pata karatasi kama hii. Wewe natengeneza bure, natupa kwa barabara." Akaokota gwanda lake. "Toa hii kitu leo."

Sikuitoa siku hiyo. Nilijiambia huo ni wasiwasi wa mke wa askari, ambaye kila mgeni kwake ni adui. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kusifiwa.

Wiki mbili baadaye Papa Sadiki alikuja mezani bila simu yake. Mpwa wake aliyebaki kule kwetu, mkulima wa mihogo asiye na neno na mtu, alikuwa amefuatwa shambani mchana na vijana wawili wenye adabu.

"Balimuita na jina ya babu yake," Papa Sadiki akasema. "Ile jina, kule kwetu hakuna tena mutu anaijua. Akafurahi, akabafuata. Tangu siku ile hajarudia."

"Papa, hilo jina walilipata wapi?"

"Sijue, mama. Mimi niliandikaka tu penye ulinionyesha."

Hakunilaumu. Afadhali angenitukana mbele ya soko zima.

Nilirudi Mbarara nikafungua madaftari yote manne, mstari kwa mstari. Yaya, wewe unakumbuka mhunzi alikuwa wapi. Alikuwa mtoni, chini kabisa, tulikuwa tukienda kuchota maji tunaogopa cheche zake. Kanisa liko juu. Nani basi alisema karibu na kanisa? Nikaona kwenye daftari la pili: dada mmoja aliyeondoka kwetu akiwa mgongoni aliandika hivyo, kwa kusikia vibaya habari za wazazi, nami nikanakili kosa lake kama lilivyo kwenye maelezo ya akaunti yake, wazi kwa kila mtu. Yule mtu hakuzaliwa kwetu. Alitusoma. Swali langu lote la mlangoni, ambalo nililiona kufuli, ufunguo wake nilikuwa nimeutundika hadharani.

Nikafuta orodha. Nikamzuia asiingie kwetu. Akarudi kesho yake kutoka mashine nyingine, jina jingine, salamu ileile. Nikawaandikia wenye mashine zilizokuwa zimenakili. Wengine walifuta siku hiyohiyo na kuomba radhi. Mmoja wa Ulaya alinijibu kwa Kifaransa kizuri kwamba orodha ya hadharani ni ya hadharani. Mashine moja inawaka tu, mwenyewe hajibu, labda hata hayupo. Huko bado tumo sote, kijiji kizima, na mimi wa kwanza.

Alhamisi iliyopita akaniandikia mimi.

"Dada, habari. Mudogo yenu kifua imepona? Angali kwa yaya yenu, kwa ile nyumba ya mabati mapya?"

Kifua nakiri. Uliponiambia anakohoa niliuliza mtandaoni mbele ya watu wote nani anajua dawa. Lakini mabati sikumwambia mtu. Mabati shemeji ameyaweka juzi tu, nami nilijua kwa sauti yako kwenye simu. Yaya, kuna mtu amesimama nje ya nyumba yako akatazama paa lako.

Nikaandika jambo la kwanza lililonijia: kwamba kifua kilimshinda, kwamba amefariki, kwamba mmekwisha kumzika. Na kwa kuwa uongo wa kumwambia mtu mmoja hauna nguvu, nikautangaza kwenye ukurasa wangu ili wote waone. Nilidhani ninafunga mlango. Akajibu hapohapo.

"Pole sana, dada. Matanga iko wapi? Nikuje niandike jina."

Nilipofika Nakivale Ijumaa, mikeka ilikuwa imekwisha kutandikwa mbele ya nyumba yangu. Kina mama wamewasha moto, Papa Sadiki amenunua daftari jipya na kulipiga mistari kwa rula yake ya ushonaji. Yeye mwenye msiba wake wa kweli, usio na maiti, alikuwa ameacha kumlilia wa kwake aje kunisaidia kumlilia wa kwangu ambaye ni mzima. Ningewaambia nini? Nilikaa. Nikalia kweli, machozi hayakunipa kazi, nikapokea mikono ya watu siku tatu. Watoto wangu nao wanamlilia mjomba wao na sijawaambia. Nimemwua mdogo wetu kwa mdomo wangu, na kwetu hilo si neno la mchezo.

Jana baada ya sala ya mchana walikuja wengi kwa pamoja. Mmoja alikuwa mwanamume wa makamo, nguo safi, akanishika kwa mikono miwili akasema, "Pole, dada," akainama kuandika, akaenda. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka mkono tu, mkavu na laini, mkono usiolima. Watu walipopungua nikalivuta daftari. Katikati ya majina ya mama wawili ninaowajua pameandikwa: mtoto wa mhunzi, karibu na kanisa. Penye "unaishi wapi sasa" ameacha wazi.

Nililipeleka daftari kwa askari wa zamu. Alisoma, akanirudishia, bila dharau. "Kuandika jina kwa matanga hapana kosa, mama. Yeye nafanya nini mbaya?" Akaandika habari yangu kwenye kitabu chake, akaniambia nikimwona tena nimwite. Sasa mezani pangu nafanya kazi kinyume. Nawaita watu mmoja mmoja, natoa tiki, nafuta babu, nafuta kijiji. Wengine wananikasirikia, wanasema nawapotezea ndugu zao tena.

Sasa sikiliza mambo ya kufanya. Mdogo wetu aondoke leo hii, wakati karatasi hii iko mkononi mwako. Asingoje nguo zikauke. Wala asiende kwa ndugu yeyote, si kwa wajomba, si kwa shangazi wa ng'ambo, si kwa yule binamu aliyemficha mara ya kwanza. Ndugu wote wako kwenye orodha. Aende kwa watu wasiotujua kabisa, akaanze na jina lolote atakalopewa na wao.

Akishaondoka, tandika mkeka. Nyoa nywele kama ilivyo desturi, weka daftari mlangoni, lia. Atakuja mtu mwenye adabu sana. Mpe kalamu, mpe maji, mwache aandike, usimtazame sana. Watu wetu wakikuuliza kaburi, sema alizikwa na wenzake wa kanisani ulipokuwa safarini. Najua sikuzote ulikataa kusema uongo hata wa kumfichia mtoto sukari. Nisamehe, nimekuletea mkubwa. Na barua hii iwe kuni.

Nisalimie aliyenishika kichwa siku ya ubatizo wangu. Nisalimie yule mama wa jirani aliyekuwa akituchana nywele kwa nguvu, na mkwe wako mpya ambaye sijamwona, na mtoto wako mwenye jina langu. Mfundishe akiulizwa ni mtoto wa nani aseme hajui. Shemeji mwambie mabati ni mazuri, nimesikia.

Na wewe, Yaya, usiniandikie alipokwenda mdogo wetu. Usinipe njia, wala mji, wala jina lake jipya, hata kwa fumbo. Hata siku moja ukinisikia kwenye simu ninalia na kukubembeleza uniambie, na sauti ni yangu kabisa, usiniambie.

Ni mimi, uliyenibeba mgongoni nilipochoka siku tulipokimbia.